Digrii ya hisabati miaka minne: nipange vipi tangu semista ya kwanza?

komredi_wa_ngara

Hamjambo wakubwa. Nimeitwa kusomea Shahada ya Sayansi katika Hisabati hapa Nairobi, miaka minne, semista nane. Kitabu cha mwongozo tulichopewa kina orodha ya yuniti ndefu kama foleni ya Thika Road jioni. Kuna za lazima, kuna za kuchagua, na kando ya kila moja kuna namba za yuniti zinazotakiwa kutangulia.

Sijaamua kama nataka kufundisha, kuingia bima na takwimu, au kuendelea na uzamili. Je, ni lazima niamue sasa? Ni yuniti gani ikinilemea itavuruga nyingine? Na kuna komredi ananishauri nibebe yuniti nane kila semista nimalize mapema. Inawezekana?

---

epsiloni254

Karibu mdogo wangu. Hizo namba kando ya kila yuniti ndizo za kusoma kwanza, kabla hata ya majina ya yuniti zenyewe.

Panga kuanzia mwaka wa nne ukirudi nyuma. Chukua karatasi kubwa, igawe safu nane, safu kwa kila semista. Andika kila yuniti ndani ya kisanduku, kisha chora mshale kutoka yuniti inayotangulia hadi ile inayoitegemea. Ukimaliza utaona minyororo kadhaa, na mmoja mrefu kuliko yote: kalkulasi ya kwanza, kalkulasi ya pili, analisisi ya kwanza (kalkulasi iliyothibitishwa kutoka misingi), analisisi ya pili, nadharia ya vipimo (measure theory), halafu analisisi ya funksheni. Hizo ni hatua sita ndani ya semista nane. Kwa macho unaona una nafasi ya kuteleza mara mbili. Huna. Idara nyingi hufundisha yuniti moja mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukiteleza semista moja unapoteza mbili.

Tuseme kwenu analisisi ya kwanza iko mwaka wa pili semista ya pili, ya pili iko mwaka wa tatu semista ya kwanza, na nadharia ya vipimo mwaka wa nne semista ya kwanza. Ukianguka analisisi ya kwanza na sapu (mtihani wa marudio) nayo ikakataa, utairudia mwaka wa tatu semista ya pili. Ya pili utaipata mwaka wa nne semista ya kwanza, wakati uleule nadharia ya vipimo inafundishwa. Kama nadharia ya vipimo ni ya lazima, umejipatia mwaka wa tano: karo, nyumba, na mkopo uliopangiwa miaka minne.

Mnyororo wa pili ni wa aljebra: aljebra ya mstari ya kwanza na ya pili, nadharia ya makundi, kisha ringi na fildi. Wa tatu ni uwezekano, takwimu za kihisabati, michakato nasibu. Wa nne, milinganyo tofautishi na mbinu za kinamba, husamehe kidogo. Angalia pia mishale inayokatiza kutoka mnyororo mmoja hadi mwingine, maana mara nyingi kitabu cha mwongozo hakiichori. Kalkulasi ya vigeu vingi, kwa mfano, huonekana kama ni ya watu wa fizikia. Lakini siku utakapofika kwenye usambazaji wa vigeu viwili nasibu kwa pamoja, kila swali ni intigrali maradufu, na anayeshindwa kuweka mipaka ya eneo la kuintigreti hushindwa na uwezekano wote hata kama dhana yenyewe ameielewa.

Kuhusu yuniti nane, piga hesabu. Yuniti ya kawaida ni saa 45 za darasani kwa semista, takriban saa 3 kwa wiki. Hisabati hudai angalau saa mbili za kukokotoa mwenyewe kwa kila saa ya darasani. Yuniti sita ni saa 18 za darasa na 36 zako, jumla 54. Nane ni saa 72, yaani zaidi ya saa kumi kila siku, Jumapili ikiwemo. Halafu utamaliza mapema uende wapi, kama minyororo haikuruhusu kuchukua za mwaka wa nne kabla ya wakati? Huyo komredi wako mwambie asante.

---

mama_takwimu

Nakubaliana na epsiloni kuhusu mishale. Mimi naongezea upande wa alama, kwa sababu vijana wengi huanza kupiga hesabu ya wastani mwaka wa nne, na hapo hesabu haina huruma.

Madaraja ya kawaida ni haya: 70 kwenda juu daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili juu, 50 hadi 59 daraja la pili chini, 40 hadi 49 kupita tu. Tuchukue digrii ya yuniti 48 zenye uzito sawa. Ukimaliza mwaka wa pili, yuniti 24, ukiwa na wastani wa 58, unahitaji wastani wa 62 kwenye 24 zilizobaki ili ufike 60. Inawezekana bila jasho la damu. Ukifika mwisho wa mwaka wa tatu bado uko 58, unahitaji 66 kwenye 12 za mwisho, nazo ndizo ngumu zaidi. Na kwa daraja la kwanza, aliye na 58 mwisho wa mwaka wa pili anahitaji wastani wa 82. Sahau.

Kwa hivyo zile yuniti za mwaka wa kwanza ambazo watu huzicheka, stadi za mawasiliano na ndugu zake, zichukue kwa uzito. Kama uzito ni sawa, 75 ya mawasiliano ni sawa kabisa na 75 ya kalkulasi, na inapatikana kwa robo ya kazi.

Zile CAT nazo, yaani majaribio ya katikati ya semista. Mgawanyo wa kawaida ni 30 kwa CAT na 70 kwa mtihani. Ukiingia mtihani na 24 kati ya 30, unahitaji 46 kati ya 70 ili ufikie 70 kwa jumla. Ukiingia na 15, unahitaji 55 kati ya 70, karibu asilimia 79 ya karatasi nzima. Mtu aliyekosa CAT ya kwanza kwa sababu "ni alama kumi na tano tu" hujiuzia daraja lake kwa bei ya njugu. Na sapu, kwenye vyuo vingi, hata ukipata 80 huandikwa 40.

Kuhusu kuamua: si lazima leo. Amua mwisho wa mwaka wa pili, ukishaonja analisisi, nadharia ya makundi na uwezekano. Ila kuna kitu cha kuanza sasa hata kabla ya kuamua, nacho ni kompyuta. Anza na R au Python, lugha za programu, zote ni bure na hazihitaji mashine ya bei. Usisubiri yuniti ya programu. Kila unapofundishwa jambo, lijaribu. Mkifika kwenye usambazaji wa kipeo, andika kwenye R

x <- rexp(1000, rate = 2)
mean(x)

Nadharia inasema wastani ni 1/2. Utapata kitu kama 0.49 au 0.52. Rudia na 100000 badala ya 1000, uone namba inavyotulia. Kosa hupungua kwa kipimo cha moja juu ya kipeuo cha pili cha n, ambayo ni ukubwa wa sampuli, kwa hiyo ukitaka kosa lipungue mara kumi, sampuli iongezeke mara mia. Anayeona hilo kwa macho yake mwaka wa kwanza hasumbuki na thiorema ya kikomo cha kati mwaka wa tatu.

Ukielekea bima: mitihani ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, chama cha wataalamu wa hesabu za bima, hufanywa Aprili na Septemba, na ada ni kwa pauni, kwa hiyo kila jaribio lililoanguka linauma. CS1 ni ya takwimu, na karatasi yake ya pili hufanywa kwa R. Ifanye baada ya kumaliza takwimu za kihisabati darasani, mambo yakiwa bado moto kichwani. CM1, ya hisabati za fedha na bima ya maisha, ifuate. Nadharia ya vipimo si lazima sana kwa njia hii. Chukua regresheni na michakato nasibu.

---

chaki_na_ubao

Mama, hapo kwenye nadharia ya vipimo sikuungi mkono kabisa. Kijana hajaamua. Akiiacha mwaka wa nne halafu mwaka unaofuata atamani uzamili, hata wa takwimu, atakuta uwezekano wa kiwango hicho umejengwa juu ya hiyo nadharia. Asiye na uhakika aiweke ndani. Aliye na uhakika wa bima aiache, sawa.

Komredi, kuhusu ualimu, tahadhari mbili. Ya kwanza, Shahada ya Sayansi peke yake haikupi usajili wa TSC, tume ya kuajiri walimu. Utahitaji stashahada ya uzamili ya elimu baada ya digrii, wakati aliyesoma Shahada ya Elimu husajiliwa moja kwa moja. Ya pili, ndiyo inayonasa watu: mwalimu wa sekondari husajiliwa na masomo mawili ya kufundisha. Ukijaza yuniti zote za kuchagua kwa hisabati tupu, una somo moja. Kwa hivyo tangu mwaka wa kwanza beba fizikia, kemia au somo jingine linalofundishwa sekondari, na ulibebe hadi mwisho, si semista mbili halafu ulitupe. Na toa cheti chako cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, leo hii ukitazame: wanataka C+ ya jumla na C+ kwenye masomo yote mawili utakayofundisha. Mtu mwenye C ya fizikia asipoteze miaka minne akiibeba fizikia kwa ajili ya TSC.

---

komredi_wa_ngara

Asanteni sana. Nimechora hiyo karatasi na kweli analisisi iko katikati ya kila kitu. Hofu yangu sasa ni hiyo. Kidato cha nne nilikuwa napata jibu na kusonga. Hapa mhadhiri wa kalkulasi ameanza na epsiloni, "thibitisha kwamba mfuatano unakaribia kikomo", na kikomo chenyewe nakiona kwa macho lakini sijui kinachotakiwa niandike.

---

epsiloni254

Hapo ndipo wengi huanguka, na sababu ni moja: uthibitisho una karatasi mbili, na mwanafunzi huonyeshwa moja tu. Kuna rafu, ambako unafikiri ukirudi nyuma, na kuna safi, ambako unaandika ukienda mbele. Mhadhiri huandika safi ubaoni, wewe unashangaa ile N kaitoa wapi, yaani nafasi ambayo kuanzia hapo mfuatano wote uko karibu vya kutosha na kikomo.

Chukua (3n + 1)/(n + 2). Thibitisha kikomo chake ni 3.

Rafu. Tofauti kati ya mfuatano na 3 ni (3n + 1 − 3n − 6)/(n + 2), yaani −5/(n + 2). Ukiondoa alama ya hasi, ni 5/(n + 2). Nataka hii iwe ndogo kuliko ε (epsiloni, umbali wowote mdogo utakaopewa). Ningeweza kutatua kamili, lakini n + 2 inakera, nami najua 5/(n + 2) ni ndogo kuliko 5/n. Basi nikihakikisha 5/n ni ndogo kuliko ε nimemaliza, na hiyo hutokea n ikizidi 5/ε. Rafu imekwisha.

Safi. Tuchukue ε yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri. Chagua namba asilia N iliyo kubwa kuliko 5/ε. Basi kwa kila n ≥ N, umbali wa mfuatano kutoka 3 ni 5/(n + 2) < 5/n ≤ 5/N < ε. Kwa hiyo kikomo ni 3.

Jaribu kwa namba uamini. ε ikiwa 0.01, 5/ε ni 500, unachagua N = 501. Ukitatua kamili utakuta 499 ingetosha. Hakuna anayekupa alama za ziada kwa kupata N ndogo kabisa. Inatakiwa iwepo tu. Wanafunzi wa KCSE huteseka hapa kwa sababu wamezoea jibu moja sahihi, na swali hili lina majibu yasiyo na idadi.

Makosa mawili ya kuepuka. La kwanza, kuanza karatasi safi na kile unachotaka kuthibitisha: "5/(n + 2) < ε, kwa hiyo n > 5/ε − 2", kisha unaweka nukta. Umeenda kinyume, msahihishaji anataka kuona kutoka N kwenda ε. La pili, kuchagua N kabla ya kutaja ε. Sentensi "kwa kila ε kuna N" na sentensi "kuna N inayofaa kila ε" zinafanana kwa sura, lakini ya pili inadai kwamba kuanzia hiyo N mfuatano ni sawa na kikomo chenyewe, bila tofauti hata chembe. Kwa mfano wetu huo ni uongo, maana 5/(n + 2) haiwi sifuri kamwe.

Ile likizo ndefu kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, fanya uthibitisho mmoja kwa siku, rafu na safi, kwa mkono. Siku 30 zinatosha kukuvusha. Usiandike kwa kunakili jibu. Funga daftari, andika, kisha linganisha.

---

chaki_na_ubao

Niongeze mmoja wa aljebra kwa sababu huonekana kila mwaka kwenye pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita. "Thibitisha kwamba seti hii ni kundi dogo (subgroup)." Mwanafunzi anaonyesha kwamba ukijumlisha vipengele viwili unabaki ndani, anapiga mstari, anageuza ukurasa. Haitoshi. Namba kamili chanya ukizijumlisha unabaki ndani ya chanya, lakini si kundi dogo la namba kamili kwa kujumlisha: sifuri haimo, na kinyume cha 4, yaani −4, hakimo. Angalia vitu vitatu kila mara: kipengele tulivu (kama sifuri kwenye kujumlisha), kufungika (kubaki ndani), kinyume. Kwa swali la alama sita, aliyeonyesha kimoja ameacha alama nyingi mezani.

Pasti pepa zenyewe zitumie kwa akili. Kukusanya za miaka kumi na kukariri majibu huleta 45, kwa sababu mhadhiri akibadilika mtindo nao hubadilika. Chukua tatu za hivi karibuni, zifanye kwa saa mbili zilizopimwa, ufahamu ni mada gani unaziandika polepole. Kwenye hisabati muda ndio huisha kabla ya maarifa.

---

mama_takwimu

Chaki, kuhusu vipimo umenishinda, nimekubali.

Komredi, mradi wa mwaka wa nne. Tafuta msimamizi mwisho wa mwaka wa tatu, kabla wenzako hawajamjaa. Chagua mada yenye thiorema moja unayoweza kuithibitisha yote na mfano mmoja unaoweza kuukokotoa wote. Hapa kwetu kila mwaka kuna wimbi la miradi ya milinganyo ya magonjwa, mtu anabeba mfumo wenye makundi manane ya watu aliouokota mtandaoni, na akiulizwa atetee kwamba idadi ya watu haishuki chini ya sifuri anameza mate. Afadhali mfumo mdogo wa makundi matatu: walio hatarini, wagonjwa, waliopona. Kiwango cha maambukizi kikiwa 0.4 kwa siku na cha kupona 0.2, uwiano ni 2, na wagonjwa hufikia kilele pale walio hatarini wanapobaki nusu ya watu wote. Hilo unaweza kulithibitisha kwa mistari mitano na kulichora kwa R, na wakikuuliza swali lolote unalo jibu.

Andika mradi kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hisabati, lakini jifunze LaTeX mwaka wa pili kwa kuandikia kazi za nyumbani. Kujifunza wiki mbili kabla ya kuwasilisha ni kujitafutia kukesha ukipambana na mabano.

---

epsiloni254

Ukielekea uzamili, mbili za kutazama tangu mwaka wa tatu. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na sasa ina vituo Senegali, Ghana, Kameruni na Rwanda, hutoa uzamili wa takriban mwaka mmoja kwa ufadhili. Na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, ina stashahada ya mwaka mmoja ya hisabati kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Kwa hii ya pili, analisisi na aljebra ndizo watakazozitazama kwanza. Zote zitahitaji barua za wahadhiri wanaokujua kwa jina, kwa hiyo anza kukaa safu ya mbele na kwenda ofisini kwao na maswali mwaka wa pili. Barua ya mtu asiyekufahamu husoma kama risiti.

---

komredi_wa_ngara

Nimeelewa. La mwisho: kuna mtu wa mwaka wa nne ameniambia nitunze karatasi zote za CAT mpaka nihitimu. Ni kweli au ananitisha?

---

chaki_na_ubao

Ni kweli. Alama hupotea, na mara nyingi hugunduliwa wakati wa orodha ya kuhitimu, miaka mitatu baada ya mtihani, mhadhiri ameshahama. Nunua faili moja, semista moja kwa kila mfuko. Weka karatasi ya CAT iliyosahihishwa, nakala ya fomu ya usajili wa yuniti, na kadi ya mtihani. Siku ya mtihani hakikisha umetia sahihi orodha ya mahudhurio kabla ya kutoka, maana ndiyo ushahidi kwamba uliketi. Matokeo yakitoka, linganisha na yuniti ulizosajili siku hiyohiyo. Ukiona pengo, andika barua kwa mwenyekiti wa idara wiki hiyo, nakala igongwe muhuri, uiweke kwenye mfuko wa semista hiyo.